Columbia unarudi, Hubbard unasonga: siri iko kwenye kina cha maji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Tanga. Nimesoma kwamba kule Alaska kuna mto wa barafu uitwao Columbia, na tangu miaka ya 1980 umerudi nyuma zaidi ya kilomita 20. Lakini Hubbard, ulio jimbo hilohilo, unasonga mbele. Kama chanzo ni joto la dunia, mbona mmoja uende huku na mwingine kule? Na hiyo barafu inayoangukia baharini, ndiyo inayokula fukwe zetu?"

Marahaba. Nianze na jibu fupi, maana swali lako ni la haki na wengi hulikwepa. Mto wa barafu unaoishia baharini una mabwana wawili, joto na kina cha maji, na bwana wa pili ndiye mkali zaidi. Ukiwa umekaa juu ya tuta, mahali pa kina kifupi, unaweza kuvumilia joto kwa miongo mingi bila kusogea. Ukishateleza nje ya tuta hilo na kuangukia kwenye kina kirefu, utarudi nyuma hata mwaka wa baridi kali. Columbia uliteleza. Hubbard bado umekalia tuta lake, tena unalisukuma uende nalo.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe utata mmoja. Wengi wakisikia "unarudi nyuma" hudhani barafu inapanda mlima kurejea ilikotoka. Haipandi. Barafu ya Columbia siku zote inashuka kwenda baharini, na miaka ile uliyorudi kwa kasi kubwa ndiyo iliyoshuka mbio kuliko wakati wowote. Kinachorudi ni ukingo, yaani uso wa barafu unaotazamana na bahari. Mtazame mtu anayekula muwa: mkono unausukuma muwa mdomoni, meno yanamega. Meno yakimega upesi kuliko mkono unavyosukuma, ncha ya muwa itausogelea mkono, ingawa muwa wenyewe haujaacha kwenda mbele hata kidogo.

Kwa hesabu ni hivi. Barafu ikifika mdomoni mwa mto, pale unapoishia baharini, kwa kasi ya mita 10 kwa siku, na bahari ikaondoa mita 12, uso umerudi mita 2. Hiyo kwa mwaka ni mita 730. Geuza tarakimu, barafu ije mita 12 na bahari iondoe 10, na mto huohuo utaonekana unasonga mbele. Tofauti kati ya kurudi na kusonga ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu majirani wawili wanaweza kutofautiana.

Bahari huondoa barafu kwa njia mbili: kumega na kuyeyusha. Kumega ndiko kunakopigwa picha, ukuta wa mita 60 au 80 juu ya maji unapasuka na kuporomoka kwa kishindo. Kuyeyusha hufanyika chini ya maji, kimya, na kwa muda mrefu wataalamu walikupuuza kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogeza chombo karibu na ukuta unaoanguka. Vipimo vya sona, chombo kinachopima kwa mwangwi wa sauti majini, vilivyofanywa mbele ya LeConte, mto mwingine wa barafu wa Alaska, na kuchapishwa 2019, viliaibisha nadharia: katika baadhi ya sehemu za uso wa barafu kuyeyuka chini ya maji kulikuwa hadi mara 100 ya makadirio ya zamani.

Jinsi kunavyofanya kazi ni rahisi kuelewa kwa mtu wa pwani. Wakati wa kiangazi, maji yaliyoyeyuka juu ya mto wa barafu hutumbukia kwenye mashimo na nyufa, hupita chini kabisa kati ya barafu na mwamba, kisha hutokea mdomoni, pengine mita 200 au 300 chini ya usawa wa bahari. Maji hayo hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi kuliko ya bahari. Hupanda juu kwa nguvu yakiambaa na uso wa barafu, na yakipanda huvuta maji ya bahari yenye joto kutoka chini na kuyasugua kwenye ukuta. Usifikirie joto la Tanga. Nyuzi 3 au 4 tu zinatosha, maana barafu inayogusana na maji ya chumvi huanza kuyeyuka hata chini ya sifuri. Ukuta huliwa kutoka chini kama jabali la pwani linavyochimbwa na mawimbi, na sehemu ya juu ikikosa mhimili huporomoka. Njia hizi mbili basi zinasaidiana, na mara nyingi kuyeyuka ndiko kunakoamua lini kumeguka kutokee.

Sasa tuje kwenye kina, ambako ndiko kwenye kiini cha jibu lako.

Mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kilo 917 hivi, na ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Kwa hiyo barafu huanza kuelea pale kina cha maji kinapofikia takriban asilimia 89 ya unene wake. Tuchukue hori lenye kina cha mita 300. Zidisha 300 kwa 1,025, gawa kwa 917, unapata 335. Barafu yenye unene wa mita 335 kushuka chini itainuka na kuelea. Ikizidi hapo itakita sakafuni. Wataalamu huangalia hiyo ziada. Mto wenye unene wa mita 380 mahali hapo una ziada ya mita 45, na ziada hiyo ndiyo uzito unaoubana kwenye mwamba na kuuzuia usikimbie.

Ziada ikipungua, mambo hubadilika haraka. Maji yaliyo chini ya barafu huwa karibu kuubeba uzito wote, msuguano na sakafu hupungua, barafu huteleza upesi. Ikiteleza upesi, hunyooka kama unga wa chapati unaovutwa. Ikinyooka, huwa nyembamba. Ikiwa nyembamba, ziada huzidi kupungua, nyufa hufunguka, na majabali ya barafu humeguka kwa wingi. Zingatia kwamba katika mzunguko huo sijataja jua wala hewa. Joto huuanzisha, kisha mzunguko hujiendesha wenyewe.

Umbo la sakafu ndilo huukuza ubaya huo. Mto wa barafu huchimba mwamba kwa uzito wake, na mawe na changarawe unazozibeba huzimwaga mdomoni, zikajenga tuta. Matokeo yake ni hori lenye tuta la kina kifupi mlangoni na shimo refu nyuma yake. Maadamu barafu imekaa juu ya tuta, bahari inagusa ukuta mfupi tu, na maji ya joto ya chini huzuiwa kuingia. Hatua ya kwanza ya kurudi ni hatua ya kuingia shimoni. Kila mita unayorudi kina kinaongezeka, ukuta unaomegwa unakuwa mrefu zaidi, na barafu inayopotea kwa siku inaongezeka. Kurudi huku hakutulii mpaka mto ufike mahali ambapo sakafu inapanda tena au hori linabana sana.

Columbia ulifanya haya yote mbele ya macho ya watu, na ndiyo maana unafundishwa. Unashuka kutoka Milima ya Chugach, ukiwa na vilele vya zaidi ya mita 3,000, hadi ghuba ya Prince William Sound. Msafara wa Waingereza wa George Vancouver ulipouona 1794, mdomo wake ulikuwa kwenye Kisiwa cha Heather. Karibu miaka 180 baadaye bado ulikuwa palepale. Dunia ilikuwa imeshaanza kupata joto, mito mingine ilikuwa imeshapungua, Columbia umetulia juu ya tuta lake kama mzee barazani.

Wanajiolojia wa serikali ya Marekani hawakudanganyika na utulivu huo. Bomba la mafuta la Alaska lilianza kazi 1977, na mafuta yake hupakiwa kwenye meli bandarini Valdez, karibu sana na mdomo wa Columbia. Katika miaka ya 1970 Austin Post, Mark Meier na wenzao walipima kina na kuona shimo lililokuwa nyuma ya tuta, sakafu ikiwa zaidi ya mita 300 chini ya usawa wa bahari. Waliona pia barafu inakonda. Mwaka 1980 walitangaza kwamba mto ulikuwa karibu kuanza kurudi kwa kasi na kwamba majabali ya barafu yangeongezeka kwenye njia ya meli. Mimi nauona huu kuwa mmoja wa utabiri safi kabisa katika taaluma hii: walitoa sababu, wakataja mahali, na muda wake ukatimia.

Mapema miaka ya 1980 uso uliliacha tuta. Kasi ya barafu karibu na mdomo, iliyokuwa mita 5 au 6 kwa siku, ilifika karibu mita 30 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2000 mdomo ulikuwa umerudi zaidi ya kilomita 12. Unene ulipungua kwa mamia ya mita, kiasi kwamba kwenye kuta za bonde kulibaki mstari unaoonyesha barafu ilikofika, mwamba mtupu chini na vichaka juu. Karibu 2011 uso ulirudi kupita makutano ya vijito vyake viwili, na tangu hapo kuna midomo miwili badala ya mmoja. Kufikia 2014 umbali uliorudi ulikuwa umevuka kilomita 20.

Tuta la zamani bado lipo pale chini ya maji. Majabali makubwa hukwama juu yake kama majahazi juu ya fungu maji yakipwa, hukaa mpaka yayeyuke au yavunjike. Vipande vidogo hupita. Usiku wa tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iliiacha njia yake ili kukwepa barafu iliyotoka Columbia, ikapanda mwamba wa Bligh, na takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi zikamwagika. Ajali hiyo ilikuwa na makosa ya kibinadamu mengi, na sitaki kuitupia barafu lawama zote. Lakini barafu ile isingekuwapo pale kama mto ungekuwa bado umekaa kwenye tuta.

Hubbard je? Uko karibu na mji mdogo wa Yakutat, una urefu wa kilomita 120 hivi, na umekuwa ukisonga mbele tangu ulipopimwa mara ya kwanza 1895. Sababu mbili zinauweka hivyo. Kwanza, unalishwa vizuri kupita kiasi. Takriban asilimia 95 ya eneo lake liko juu, kwenye milima mirefu ambako theluji inayoanguka ni nyingi kuliko inayoyeyuka. Sehemu ya chini inayopoteza barafu ni ndogo mno ukilinganisha na ghala lililo juu. Joto likipanda kidogo, ghala hilo halitikisiki. Pili, unasafiri na tuta lake. Changarawe humwagwa mbele, barafu inasogea juu yake na kuisukuma kama tingatinga, kina mbele ya uso kinabaki kifupi. Kazi hiyo ni ya polepole, makumi ya mita kwa mwaka, kwa sababu tuta haliwezi kusogea upesi kuliko changarawe inavyoletwa.

Kusonga huko si heri kwa kila mtu. Mei 1986 Hubbard uliziba mlango wa hori la Russell, likageuka ziwa, na maji yakapanda hadi mita 25 hivi juu ya usawa wa bahari huku sili wakiwa wamenaswa ndani. Bwawa hilo la barafu na matope lilipasuka tarehe 8 Oktoba mwaka uleule. Mwaka 2002 uliziba tena, ukapasuka Agosti. Wakazi wa Yakutat wanahofia siku bwawa litakapokataa kupasuka, maana maji yatafurika upande wa pili na kuingia Mto Situk, wenye samaki aina ya samoni ambao wakazi hao huwategemea.

Kwa hiyo mito ya aina hii ina mzunguko wake: karne kadhaa za kusonga polepole pamoja na tuta, kisha miongo michache ya kurudi kwa kasi. Mfano mkubwa ni Glacier Bay, hukohuko Alaska. Simulizi za Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili wa huko, zinaeleza jinsi barafu ilivyowafukuza kwenye makazi yao ndani ya bonde hilo. Katikati ya karne ya 18 barafu ilifika kikomo chake. Vancouver alipopita 1794 ghuba ilikuwa bado haijafunguka. Kufikia 1916 barafu ilikuwa imerudi karibu kilomita 105, na sehemu kubwa ya kurudi huko ilitokea kabla hata gari halijawa chombo cha kawaida.

Hapa wapo wanaorukia hitimisho: "Basi joto la dunia halina kosa." Hapana. Mzunguko unaeleza kasi na tofauti kati ya majirani. Haukuambii kwa nini leo mito mingi namna hii inarudi kwa wakati mmoja, Alaska, Greenland, Svalbard na Rasi ya Antaktika. Mizunguko ya asili ingekuwa imetawanyika, huyu anapanda, yule anashuka. Ikielekea upande mmoja karibu yote, kuna mkono mmoja unaoisukuma. Tazama Taku, karibu na Juneau. Ulisonga mbele karne nzima ya 20 huku majirani zake wakirudi, nao una unene wa karibu mita 1,480 mahali pake penye unene zaidi. Kuanzia 2018 hivi picha za setilaiti zilionyesha nao umeanza kurudi. Ghala lake lilikuwa kubwa, lakini mstari wa theluji, mpaka ambao juu yake theluji ya mwaka haiyeyuki yote, ulipanda mpaka ukalifikia.

Mfano unaoonyesha nafasi ya joto la bahari kwa uwazi zaidi uko Greenland, kwenye Sermeq Kujalleq karibu na Ilulissat, ambao vitabu vingi huuita Jakobshavn. Ulikuwa na ulimi unaoelea wa kilomita 15 hivi. Mwaka 1997 maji yenye joto kutoka Atlantiki yaliingia Ghuba la Disko kwa kina, chini ya maji baridi mepesi ya juu. Ulimi ulikonda, ukavunjika, na kufikia 2003 ulikuwa umeisha. Ulimi huo ulikuwa kama kizibo. Baada ya kuondoka, kasi ya barafu iliyo nyuma yake ilikuwa kama mara mbili, kilomita 12 na nusu hivi kwa mwaka, na kiangazi cha 2012 ilifika mita 46 kwa siku. Kisha 2016 maji ya ghuba yalipoa kwa karibu nyuzi 2, na mto ukapunguza mwendo, ukanenepa, ukasonga mbele kidogo. Watu waliotangaza kwamba tatizo limekwisha walisahau kwamba maji yaliyoupoza ni ya mzunguko wa muda wa Atlantiki, na kwamba hata katika miaka hiyo mto huo uliendelea kumwaga baharini barafu nyingi kuliko theluji iliyoongezeka juu yake.

Usiilinganishe hali hii na Kilimanjaro, jambo ambalo wanafunzi hulifanya sana. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na 2007 ilibaki chini ya 2. Lakini inakufa kwa njia nyingine: mvua na theluji zilizopungua, jua linalopiga kuta zilizosimama wima, barafu kugeuka mvuke bila kupitia maji. Hakuna bahari inayoichimba chini wala shimo la kuangukia. Na hata ikiisha yote, bahari haitapanda kwa kiasi cha kupimika.

Sasa swali lako la pili. Jabali la barafu linaloelea likiyeyuka, usawa wa bahari karibu haubadiliki, kwa sababu lilikuwa limeshachukua nafasi ya maji yenye uzito wake. Barafu iliyokita sakafuni ni jambo jingine. Rudi kwenye mfano wetu wa mita 380 katika kina cha mita 300. Kati ya mita hizo, 335 zilikuwa zinasukuma maji tayari. Zile 45 za ziada ndizo mpya kwa bahari, sawa na mita 41 za maji kwa kila mita ya mraba. Halafu kuna barafu iliyo nyuma, juu ya nchi kavu, ambayo sasa imepoteza kizibo na inashuka upesi. Hiyo inahesabiwa yote. Hasara kubwa iko hapo, wala si kwenye kile kishindo kinachopigwa picha.

Ili bahari zote zipande milimita 1 panahitajika barafu tani bilioni 360 hivi. Mito ya barafu ya dunia nzima, ukiacha mabamba makubwa ya Greenland na Antaktika, ilipoteza wastani wa tani bilioni 267 kwa mwaka kati ya 2000 na 2019, na robo yake ilitoka Alaska. Gawa mwenyewe: Alaska yote ni chini ya moja ya tano ya milimita kwa mwaka, na Columbia ni sehemu ndogo ya hiyo. Greenland peke yake hupoteza takriban tani bilioni 270 kwa mwaka, robo tatu ya milimita. Ukijumlisha Antaktika na kutanuka kwa maji yanayopata joto, bahari inapanda kwa zaidi ya milimita 4 kwa mwaka, wakati mwaka 1993, setilaiti zilipoanza kupima mfululizo, ilikuwa milimita 2 hivi.

Lipo jambo ambalo watu wetu wa pwani hawaambiwi vya kutosha. Maji hayapandi sawa kila mahali. Bamba la Greenland ni zito kiasi kwamba linavuta bahari kuelekea kwake kwa nguvu ya uvutano. Likipungua, mvuto hupungua, na maji yaliyo karibu nalo hushuka, huku ya mbali yakipanda kupita wastani. Pwani ya Afrika Mashariki iko upande huo wa mbali. Anayekaa Ilulissat anaweza kuona maji yakirudi chini mbele ya nyumba yake. Wa Tanga hupokea fungu lake na ziada kidogo.

Je, ndiyo inayokula ufukwe? Kwa sehemu. Kwenu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni zaidi ya mita 3, kwa hiyo milimita 4 huwezi kuziona kwa macho. Zinafanya kazi kwa kuinua msingi. Tangu 1993 msingi huo umeinuka kama sentimita 10, na bamvua ikikutana na upepo mkali wa kusi, wimbi linafika mahali ambapo zamani halikufika. Lakini ufukwe unaopoteza mita kadhaa katika msimu mmoja una sababu za karibu zaidi: mikoko iliyokatwa, mchanga uliochotwa, matumbawe yaliyovunjwa, ukuta wa jirani uliojengwa vibaya ukahamishia nguvu ya mawimbi kwako. Chunguza hayo kabla ya kuisingizia Alaska.

Kinachowanyima usingizi wataalamu kuhusu mfano wa Columbia ni mto wa barafu wa Thwaites, Antaktika Magharibi. Uso wake una upana wa kilomita 120 hivi, na sakafu yake inazidi kuteremka kadiri unavyoingia bara, umbo lilelile la tuta na shimo. Barafu yake yote inatosha kuinua bahari kwa takriban sentimita 65.

Ukitaka kujionea kwa macho yako, huhitaji safari. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zipo tangu 1972 na hutolewa bure. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zenye ubora wa mita 10, zinapatikana kwenye tovuti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, ukishajiandikisha. Columbia uko kwenye latitudo 61.1 kaskazini na longitudo 147 magharibi. Chagua picha za Agosti au mwanzo wa Septemba, zisizo na mawingu mengi. Usilinganishe Machi ya mwaka mmoja na Agosti ya mwingine: uso husonga na kurudi mamia ya mita kwa misimu, na utaandika badiliko ambalo halipo. Tumia mchanganyiko wa rangi wenye infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga usioonekana kwa macho, ambao huonyesha barafu kwa buluu na mawingu kwa weupe.

Fungua picha kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni bure. Usipime kwa mstari mmoja katikati ya hori, kwa sababu uso haurudi sawasawa. Jabali moja likimeguka katikati utapata kilomita ambayo pembeni haikutokea. Chora sanduku lenye pande mbili sambamba na kuta za hori na mstari wa nyuma usiobadilika, mbali juu ya mto. Fuata uso wa barafu kwa uangalifu ufunge umbo. Gawa eneo kwa upana wa sanduku, upate urefu wa wastani. Kama mwaka wa kwanza eneo ni kilomita za mraba 40 na wa pili 36, na sanduku lina upana wa kilomita 4, uso umerudi kilomita 1. Kwa picha za baada ya 2011 chora sanduku moja kwa kila mdomo.

Kosa la kwanza utakalolifanya ni kuchanganya uso wa barafu na vipande vilivyojazana mbele yake. Kwenye picha vinafanana rangi. Angalia nyufa: juu ya mto wenyewe huunda mistari inayoendelea, mbele zimevurugika ovyo. Ukibaki na shaka, fungua picha ya siku 5 baadaye; mto utakuwa umesogea kwa mpangilio, vipande vitakuwa vimetawanyika. Kosa la pili ni makadirio ya ramani, yaani namna dunia ya duara inavyolazwa kwenye ramani bapa. Programu nyingi hufungua picha kwa makadirio ya ramani za mtandaoni, ambayo hunyoosha umbali kadiri unavyoondoka ikweta. Tanga hutaona tofauti ya maana. Kwenye latitudo ya Columbia kila kilomita 1 husomeka kama 2.07, kwa hiyo badilisha kwanza uende UTM, makadirio yanayotunza umbali ndani ya kanda moja, kanda ya 6 kaskazini, namba 32606 kwenye orodha ya QGIS, ndipo upime.